Nakivubo: mkoba mbele, majirani karibu

Familia nyingi zimetuuliza kuhusu Nakivubo, kwa sababu ukienda Kampala kutafuta mitumba ya kuuza hapa kambini, huwezi kuikwepa. Tulikwenda, tukazunguka siku mbili.

Nakivubo iko bondeni, katikati ya jiji. Kuna mfereji mkubwa wa maji machafu unaoelekea Ziwa Viktoria, kuna stendi ya taksi, kuna uwanja wa mpira wa tangu 1926, uliobomolewa ukafunguliwa upya 2024. Wauza mitumba waliojaa kuuzunguka waliondolewa Februari 2017. Kando yake ndiyo soko la Owino, jina rasmi Mtakatifu Balikuddembe.

Wezi wapo, tusidanganyane. Wanakaa pale watu wanapopita bila kujuana, sana sana mlangoni mwa stendi. Mmoja anakukanyaga, wa pili anakuomba radhi, wa tatu ameshaondoka na simu. Mkoba uwe mbele, na kitambulisho cha ukimbizi usikiweke pamoja na pesa. Pesa utatafuta nyingine. Kitambulisho kitakula miezi yako.

Lakini ingia ndani ya Owino uone mambo mengine. Mama mmoja muuza mashuka alifunika meza yake kwa kitambaa, akaenda kumchukua mtoto shuleni. Akaja mteja. Jirani akauza, akaweka pesa kwenye kopo la mwenzake mbele ya macho yetu. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Tulipomwuliza, akacheka: kesho yeye ndiye atakayeondoka! Ni kama jerikani zetu. Unaziacha kwenye foleni ya bomba usiku, asubuhi unazikuta pale pale. Siyo kwamba sisi ni malaika, jamani. Ukiiba jerikani hapa utaitekea wapi maji? Kila mtu anaijua alama ya mwenzake.

Sasa lile lililotutisha. Kule mtu akipiga kelele "Mubbi!", yaani mwizi, watu hawaulizi. Wanakimbia, wanapiga. Kampala watu wameuawa hivyo, na wengine hawakuiba kitu. Tulimwona kijana Mkongomani ameshika begi linalofanana na la mtu mwingine. Kelele zikaanza, akakamatwa shati. Kiganda hajui, akawa anajitetea kwa Kiswahili na hakuna anayesikiliza. Aliyemwokoa ni muuza viatu aliyesema, huyu namjua, kila mwezi ananunua kwangu. Begi likafunguliwa, likawa lake kweli. Hakuna aliyemwomba msamaha.

Huyo Balikuddembe ambaye soko lina jina lake aliuawa hapo hapo Nakivubo, tarehe 15 Novemba 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga, baada ya kumkemea kwa kumwua Askofu Hannington. Inasimuliwa alimpelekea Kabaka ujumbe kwamba amemhukumu bila haki, ila amemsamehe.

Kwa hiyo ukifika, usirukeruke meza hadi meza kwa kutafuta punguzo la shilingi mia mbili. Chagua muuzaji mmoja, mwambie jina lako, salimia na majirani zake. Na wafundisheni vijana maneno haya kabla hawajapanda basi: "Si nze", maana yake siyo mimi, na "Muntwale ku poliisi", nipelekeni polisi.