Chumba Kimoja cha Pumwani: Ndoa ya Paulina na Martin

Mwaka 1956, hali ya hatari ikiwa haijaondolewa nchini Kenya, msichana wa miaka 16 anashuka garimoshi jijini Nairobi akiwa mja mzito. Mumewe Martin, mwenye miaka 23, anampokea na kumpeleka Pumwani. Ndivyo inavyoanza Coming to Birth, riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye iliyochapishwa mwaka 1986 na kutunukiwa Tuzo ya Sinclair. Iliandikwa kwa Kiingereza, na mwanamke aliyezaliwa Uingereza, akafika Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu vya misheni, kisha akaolewa katika jamii ya Waluo. Lakini mtaa inaousawiri ni wa Kiswahili tangu jina lake, mahali pa kupumua, na mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hana sababu ya kuiachia idara jirani.

Aghalabu riwaya hii husomwa kama istiara ya taifa. Mimba za Paulina zinaharibika, nchi nayo inajikongoja kuelekea uhuru wa 1963. Mwanawe Okeyo anauawa kwa risasi Kisumu mwaka 1969, katika ghasia zilizoikumba ziara ya Rais Kenyatta miezi michache baada ya kuuawa kwa Tom Mboya. Usomaji huo una haki yake, na tarehe zenyewe zinaukaribisha. Dosari yake ni kwamba huimeza ndoa. Paulina anapoteza mimba, anatibiwa, anatoka hospitalini na kupotea katika mji asioujua. Anaporudi nyumbani Martin anampiga. Mhakiki mwenye haraka ya kulifikia taifa huuvuka ukurasa huo kama avukaye dimbwi.

Nyumba za Majengo ya Pumwani zilijengwa kwa ramani ya Waswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, kila chumba na mpangaji wake. Aliyekulia huko, au Shauri Moyo, au Bahati, hahitaji kuelezwa kwamba kipigo cha chumba kimoja husikika katika vyumba vyote, na kwamba asubuhi, penye foleni ya maji, hakuna anayeuliza. Ugomvi wa nyumbani katika mazingira kama hayo si siri. Ni jambo ambalo wote wanalijua na wote wamekubaliana kutolitaja. Macgoye analiandika bila kupaza sauti. Hamgeuzi Martin kuwa zimwi: ni kijana mwenye mshahara mdogo na ndoto kubwa, mwenye hofu kwamba jiji limekwisha kumnyang'anya mke. Hofu yake inaeleweka. Kumwelewa, hata hivyo, si kumsamehe, na hapo ndipo wahakiki wengi wanapoteleza.

Katika Rosa Mistika (1971), Kezilahabi anampa Rosa baba mkali na mlevi, na mwisho wa Rosa ni kifo. Macgoye anampa Paulina kitu kingine: mafunzo ya ufundi wa nyumbani Kisumu, ujira, na muda mrefu. Muda ndio muhimu zaidi.

Mapenzi yako wapi basi? Simon, baba yake Okeyo, anampa mtoto asimpe maisha. Martin naye anaishi na wanawake wengine na bado hapati mtoto. Baada ya msiba Paulina anarudi Nairobi, anafanya kazi katika nyumba ya mwanasiasa, na Martin anaanza kumwendea. Sasa mwenye mahali pa kukaa ni mwanamke, na mwanamume ndiye mgeni. Huo ndio uchumba ambao hawakuwahi kuwa nao.

Wako wasomaji, hasa wanafunzi wa kike, wanaoshikilia kwamba Paulina hakupaswa kumfungulia. Hoja yao ni nzito kuliko inavyokubaliwa semina zinapofanyika, maana hakuna kinachoufuta ukurasa ule wa 1956. Inayoweza kusemwa kwa niaba ya riwaya ni kwamba safari hii anayefungua mlango ni Paulina, na ana uwezo wa kuufunga tena. Mwishoni ana mimba. Mtoto hazaliwi ndani ya kitabu, wala Macgoye hasemi kama Martin atabaki.