Nusu Kupe

Mwaka wa pili chuoni tulipelekwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi kwa somo la mimea. Mvua ilikuwa imenyesha, na ule udongo mweusi unanata kwenye viatu kama uji wa jana. Nikaona vitu vyeupe vimetapakaa nyasini. Nikadhani watalii wametupa tishu.

Mhadhiri akacheka. "Hilo ni ua. Wazungu nao waliliita ua la tishu. Jina la kisayansi ni Cycnium tubulosum. Na ni mwizi."

Akatueleza. Chini ya ardhi, mizizi yake hujishika kwenye mizizi ya nyasi, ikafyonza maji na madini. Lakini majani yake ni ya kijani, kwa hivyo chakula hujipikia lenyewe kwa jua. Ni nusu kupe. Ndugu yake ni kiduha, kile Waluo wanaita kayongo, kinachomaliza mahindi kule Nyanza na Magharibi. Nacho kina ua zuri la zambarau. Mkulima akiliona hilo ua, hasara ilishaingia zamani.

Niling'oa moja nimletee cucu huku Kanja. Nikalifunika ndani ya daftari. Kufika nyumbani, limekuwa jeusi tititi.

"Umeniletea makaa?" cucu akauliza.

Ndivyo lilivyo. Ukilichubua au likikauka, hugeuka jeusi. Na huwezi kulihamisha ukalipanda peke yake kwenye mkebe, kwa sababu unaliacha bila nyasi zake.

Mwaka wa tatu karo ilinishinda, nikarudi. Sasa naandikia watu makala za mtandaoni, meza ni ile ya jikoni. Mwaka jana, siku ya mahari ya binamu yangu, mjomba alinionyesha wageni kwa kidole. "Huyu ni kupe wa dadangu." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Usiku nikapiga hesabu. Intaneti nalipa mimi. Stima nalipa, ule mwezi wateja wamelipa. Unga, maziwa, kuni na paa ni vya mama, na mama ni mtu wa kuamka gizani kwenda kuchuma chai.

Nikaenda kujitetea. Nilimkuta anachambua maharagwe, nikamweleza habari ya lile ua lote. Nikamwambia kule Uingereza kuna mmea wa ukoo huohuo, watu wanaupanda makusudi kwenye malisho. Ukizinyonya nyasi, nyasi zinapungua nguvu, na maua mengine madogomadogo yanapata nafasi ya kumea. Yaani nusu kupe ana faida zake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akatoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa nje ya mlango.

"Na hizo nyasi," akasema, "ziliulizwa?"

Sikuwa na jibu. Hakuwa amekasirika, hilo ndilo lililoniuma. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua.

Kesho yake saa kumi na mbili nilimfuata chaini, kule juu upande wa msitu. Umande ulinilowesha mpaka kiunoni. Alinionyesha tena majani mawili na ncha, kama nilivyoonyeshwa nikiwa mtoto. Kwenye mizani, yangu ilikuwa kilo nne. Yake, kumi na tisa.

"Jumatano tena," akasema, akanipa kikapu chake nibebe.