Jina la Mbwa

Leo naomba niwasimulie habari za mbwa mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 80 iliyopita, ambaye amenisumbua kuliko mbwa yeyote niliyepata kumwona kwa macho yangu.

Miaka michache iliyopita, Jumapili moja ya mvua, nilikuwa sebuleni na kijana wangu wa mwisho, wakati huo akiwa na miaka 11. Mama yake alikuwa jikoni anasukuma chapati. Kwenye runinga ikaanza filamu ya zamani ya vita, nyeusi na nyeupe, iitwayo The Dam Busters. Kijana akasogea karibu maana anapenda ndege. Nami nikafurahi, kwa sababu kazi yangu ni uhandisi wa mabwawa, na si mara nyingi kuona filamu ambayo mmoja wa mashujaa wake ni mtu anayehangaika na mahesabu. Lakini mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye rimoti. Nilijua mbwa anakuja. Alipotokea tu, mweusi, anamkimbilia bwana wake, nikazima sauti.

"Baba, mbona hatusikii?"

"Rimoti hii ina matatizo," nikamjibu.

Nikarudisha sauti, nikaizima tena, nikairudisha. Mpaka filamu inakwisha nilikuwa nimechoka kama mtu aliyebeba mawe.

Kwa wale ambao hawajaiona, filamu hiyo ilitoka mwaka 1955, nayo inasimulia jambo la kweli. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943, ndege 19 za Uingereza aina ya Lancaster ziliruka kwenda Ujerumani kubomoa mabwawa, baadhi yake yakiwa yanahudumia viwanda vya bonde la Ruhr. Bomu lilibuniwa na mhandisi Barnes Wallis. Lilikuwa likirukaruka juu ya maji kama kijiwe ambacho watoto hukirusha ziwani, kisha likazama kando ya ukuta na kulipuka chini. Mabwawa mawili, Möhne na Eder, yalibomoka. Wanaanga walikuwa 133, na 53 kati yao walikufa usiku ule. Kiongozi wao, Guy Gibson, alikuwa kijana wa miaka 24, naye alikuwa na mbwa mweusi aina ya Labrador ambaye aligongwa na gari akafa kabla tu ya safari.

Jina la mbwa huyo lilikuwa ni lile neno la Kiingereza linaloanza na herufi N, ambalo kila mmoja wetu mwenye ngozi kama yangu anayeishi huku amekwisha kuitwa au anasubiri kuitwa. Sitaliandika hapa. Mhariri hakunikataza, bali mkono wangu umekataa. Nalikiri hilo mapema, kwa kuwa ninachotaka kusema ni kwamba neno lile lisifutwe katika filamu, na nyie mna haki ya kuniuliza mbona mimi mwenyewe nimelifuta.

Mara ya kwanza kuiona filamu hiyo ilikuwa mwaka 1991, nikiwa mwanafunzi Sheffield, mgeni kutoka Tanga ambaye bado alikuwa akivaa sweta mbili ndani ya nyumba. Mwalimu wetu alikuwa ametupeleka kuliona bwawa la Derwent, kule milimani Derbyshire. Ni ukuta wa mawe wenye minara miwili, na marubani wa Gibson walifanyia mazoezi hapo kwa sababu ulifanana na ule wa Möhne. Jioni ile wenzangu wakaweka kanda ya filamu katika ukumbi wa bweni. Tulikuwa kama wanane, na mweusi ni mimi peke yangu. Mbwa alipoitwa mara ya kwanza, nilihisi macho yakinijia kutoka pembeni, yakanigusa na kuondoka. Alipoitwa mara ya pili, nilicheka. Sikuwa na la kuchekea. Nilicheka ili wao wapumue. Wakapumua, tukaendelea kutazama.

Sikumwona mwenzangu yeyote kuwa mbaya. Walikuwa watu wema, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha kuendesha gari. Lakini usiku ule nilijifunza kwamba neno lile halikutoka kinywani mwa adui. Lilitoka kwa shujaa, tena kwa upendo, akimwita kiumbe aliyempenda sana. Katika Uingereza ya siku zile mbwa mweusi kuitwa hivyo lilikuwa jambo la kawaida, kama sisi tunavyomwita mbwa Simba. Hapo ndipo linapouma. Tusi la mlevi barabarani hulipuuza ukaenda zako, lakini tusi ambalo msemaji wake hajui kama ni tusi linakuonyesha jinsi nyumba nzima ilivyojengwa.

Sasa tuje kwenye runinga. Mwaka 1999, na tena mwaka 2001, ITV waliionyesha filamu hiyo ikiwa imekatwa jina la mbwa. Watetezi wa uhuru wa kusema walilalamika, wakisema makato yale yaliharibu mtiririko wa hadithi. Ni kweli yanauharibu, kwa sababu jina la mbwa lilikuwa pia neno la siri la operesheni yenyewe. Ukuta wa Möhne ulipobomoka, neno hilo ndilo lililotumwa kwa redio hadi Uingereza, na wakubwa waliokuwa wakisubiri wakajua kazi imefanyika. Ukilitoa, unabaki na wazee waliovaa sare wanaorukaruka na kupeana mikono bila mtazamaji kujua wamesikia nini. Lipo pia toleo la Marekani ambamo sauti imebadilishwa, na mbwa anaitwa Trigger.

Hapo kwenye Trigger nina kisa changu. Katikati ya miaka ya 2000 nilikuwa kwenye saiti moja, tunakarabati ukuta wa bwawa. Asubuhi moja nikaingia kwenye kibanda cha chai, mtu mmoja akasema, "Habari za asubuhi, Trigger." Watu wawili wakacheka wakiangalia vikombe vyao. Sikuelewa. Niliitwa hivyo wiki nzima, nami nikiitika, nikidhani ni utani kama utani mwingine wa saiti, ambako kila mtu ana jina lake. Kijana mmoja fundi wa zege, Mwairishi, ndiye aliyenivuta pembeni akaniambia, huku uso umemwiva kwa aibu, kwamba filamu ya mbwa ilikuwa imeonyeshwa juzi.

Mnaona basi? Neno lilikuwa limefutwa, tusi likabaki, tena likiwa limepewa kanzu safi ya kuvaa. Kama wangeniita kwa lile lenyewe, ningekuwa na mahali pa kushika, ningekwenda kwa msimamizi siku hiyo hiyo. Lakini ningemwambia nini? Kwamba wameniita Trigger? Nilimaliza mkataba ule bila kumwambia mtu, hata mke wangu. Leo ndiyo mara ya kwanza kulitoa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimefanya kazi na nyufa kwa zaidi ya miaka 25, na naomba niongeze neno dogo kwa hao wahenga. Kuna kuziba na kuna kupaka lipu. Mhandisi akikuta ufa kwenye ukuta wa bwawa, jambo la kwanza si kuuficha. Anauwekea alama, anaandika tarehe, anabandika kipimo, kisha anarudi baada ya miezi kadhaa kuona kama umetanuka. Fundi anayepaka lipu juu ya ufa ili mkaguzi asiuone ni mtu hatari, kwa sababu maji nyuma ya ukuta hayadanganyiki kwa lipu.

Tena filamu yenyewe ilikwisha kukatwa tangu siku ilipozaliwa. Bomu la kweli lilikuwa na umbo la pipa, nalo lilizungushwa kinyumenyume kwa kasi kabla ya kuachiwa. Mwaka 1955 hayo yalikuwa bado siri ya serikali, kwa hiyo watazamaji wakaonyeshwa bomu la mviringo. Walilinda umbo la pipa, lakini jina la mbwa hakuna aliyeona haja ya kulifunika. Hilo peke yake linakufundisha kuhusu mwaka 1955 kuliko kitabu kizima.

Kuna na jambo jingine lisilosemwa mle ndani, ambalo mtu wa mabwawa hawezi kulisahau. Maji yale yalikwenda mahali. Inakadiriwa watu wapatao 1,600 walikufa, wengi wao si Wajerumani bali wafanyakazi wa kulazimishwa na wafungwa wa vita. Katika mji wa Neheim, chini ya Möhne, kulikuwa na kambi ya wanawake waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Umoja wa Kisovyeti, nao maji yaliwakuta usiku. Filamu haiwataji. Tumebishana kuhusu jina la mbwa, na mbwa ana jina. Wale wanawake hata kukatwa hawakukatwa, kwa sababu hawakuwekwa.

Nilipomweleza mke wangu mawazo haya alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba nanihii, wewe ni mtu mzima na una shahada. Mimi sitaki mwanangu atukanwe sebuleni kwangu, kwenye kochi nililolilipia, halafu niambiwe ni historia." Sina jibu la kumshinda. Anasema kweli. Runinga si maktaba, huingia nyumbani bila kubisha hodi, na mtoto aliye peke yake mchana hana wa kumweleza.

Ndiyo maana sisemi kila kitu kiachwe kama kilivyo. Mbwa yule alizikwa katika kambi ya Scampton, na kwa miaka mingi jiwe la kaburi lake lilikuwa na jina lake. Mwezi Julai 2020 jeshi la anga lililiondoa, likaweka jingine lisilo na jina hilo. Wengine walikasirika. Mimi naona walifanya sawa. Jiwe linalotunzwa na serikali ya leo linasema kwa niaba ya leo. Filamu ya mwaka 1955 inasema kwa niaba ya mwaka 1955. Ya kwanza ni heshima, ya pili ni ushahidi, na shahidi hakatwi ulimi kwa kuwa maneno yake yanatuaibisha. Ioneshwe nzima, usiku, na tangazo la wazi mwanzoni. Mimi naona hiyo ndiyo njia.

Wala tusijione safi. Sisi wa pwani tunalo neno mshenzi, ambalo wazee wetu waliwaita nalo watu wa bara, na wengine walilitamka bila chuki yoyote, kama Gibson alivyomwita mbwa wake. Nalisikia mpaka leo kwenye harusi zetu huku London na Leicester. Siku vijana wetu watakapokusanya kanda za sauti za bibi zao, je, watalikata? Mimi ningependa walisikie, kisha watuulize.

Narudi kwa kijana wangu. Usiku wa Jumapili ile nilishindwa kulala kwa ajili ya uongo wa rimoti. Kesho yake nikamkalisha, nikamwambia mbwa aliitwa nani, neno lina maana gani, na mimi nilicheka wapi mwaka 1991. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Nalijua, Baba. Shuleni wapo wanaolisema. Sikukwambia kwa sababu nilidhani utaumia."

Ndugu zangu, nilinyamaza. Baba alikuwa akimkinga mtoto, mtoto alikuwa akimkinga baba, na neno lilikuwa limekaa katikati yetu limestarehe, halina wa kuliuliza.

Jumamosi iliyofuata tuliitazama tena, safari hii sauti ikiwa juu. Mama yake alikaa nasi nusu ya kwanza, kisha akaondoka, na sikumlaumu. Mbwa alipoitwa, kijana hakugeuka kunitazama. Mimi ndiye niliyemtazama yeye kwa pembeni ya jicho, sawasawa na walivyonitazama wenzangu miaka ile. Alikuwa anaangalia ndege.

Naomba kuwasilisha. Kama yupo mzazi mwenzangu aliyelipitia hili kwa namna nyingine, aandike, nami nitamsoma.