Ukwaju na Malai

Waitaliano hawana soda ya Kiitaliano. Ukiingia mkahawa wa Roma ukaiomba kwa jina hilo, mhudumu atakutazama tu. Wana maji yenye gesi, wana sharubati nzito za matunda wanazoziita sciroppo, na mtu akitaka huchanganya hivyo viwili akanywa siku ya joto. Lakini hawaoni kama hilo ni jambo la kubandikwa jina la taifa zima. Jina limetoka Marekani, pwani ya magharibi. Mwaka 1925 mume na mke, Rinaldo na Ezilda Torre, walianza kutengeneza sharubati San Francisco, katika mtaa wa North Beach uliokuwa umejaa Waitaliano, kwa mapishi ya kwao Lucca. Mikahawa ya hapo mtaani ikazimimina kwenye maji ya gesi na barafu. Kampuni yao ndiyo Torani, na leo chupa zake utaziona zimejipanga nyuma ya mashine za kahawa kuanzia California mpaka huku kwetu jimbo la Washington, ambako kila kibanda cha kahawa cha kando ya barabara kinauza soda hiyo, na swali linalofuata baada ya kutaja tunda ni kama unataka na krimu.

Kati ya ladha za mwanzo kabisa za akina Torre ilikuwamo tamarindo. Yaani ukwaju.

Hilo lilinifurahisha kuliko inavyostahili, maana mimi ni mtu wa kufuata maneno yanakokwenda. Tamarindo ni Kiarabu kilichovaa suti ya Kiitaliano: tamr hindi, tende ya India. Mti wenyewe asili yake Afrika. Waarabu wakaupa jina la India, Waitaliano wakalichukua jina na tunda lake, wakatia sukari, wakafunga chupa, na chupa ikavuka bahari ya pili. Na hiyo sciroppo, ukiichunguza, ni ndugu wa damu wa sharubati yetu. Yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kunywa. Kwa hiyo binti wa Tanga akisimama jikoni Washington anapika sharubati ya ukwaju kwa ajili ya soda ya Kiitaliano, hajaiga kitu cha watu. Amekutana na jamaa waliopotezana.

Ila sikuanza kuipika kwa sababu ya maneno. Niliianza kwa sababu mama alikuwa na kilo 47.

Alikuja kwangu akiwa na 61. Matibabu ya saratani yanamkuta mtu mdomoni kabla ya kwingine kokote. Kila kitu kwake kilikuwa na ladha ya msumari. Wali, msumari. Samaki, msumari wenye kutu. Uji alikuwa akiukoroga mpaka upoe halafu anauacha, akiniambia, "Mwanangu, nimeshiba," kwa ile sauti ya mgeni aliyelelewa vizuri. Mtaalamu wa lishe pale hospitali, mama mmoja mpole asiye na haraka, alituambia tusihesabu tena sahani, tuhesabu vijiko. Kila kijiko kiwe kimebeba kitu. Tieni krimu kwenye chai, tieni krimu kwenye uji, tieni krimu kwenye supu. Nikamtafsiria mama. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema chai ya maziwa anaijua tangu hajavunja ungo, na hii ya kuelea mafuta siyo.

Kitu kimoja tu alikuwa anakitaka: ukwaju. Uchachu ulikuwa unaipita ile ladha ya chuma, unamfikia. Alikuwa tayari kunywa juisi ya ukwaju asubuhi, mchana na usiku, nami nilikuwa nimempa, na mizani haikutikisika. Maji ni maji hata yakichacha. Ndipo siku moja, nikiwa kwenye foleni ya gari nasubiri kahawa, nikatazama kile kikombe cha plastiki cha mtu wa mbele yangu, chini chekundu, juu cheupe, katikati mawingu, nikafikiri: hii ni krimu ambayo haijifanyi chai.

Sasa niseme ukweli kuhusu mapishi ya kinywaji hiki. Nimeyasoma mengi, na kama fasihi ni fasihi dhaifu. Weka barafu. Tia sharubati. Jaza maji ya gesi. Mimina krimu taratibu. Furahia. Ile amri ya mwisho ndiyo inayoniudhi. Hakuna linalosema kwa nini taratibu, wala nini kitatokea usipokuwa taratibu. Mama yangu naye hajawahi kutoa kipimo maishani mwake. Chumvi ni "kiasi", moto ni "wa wastani", na mchuzi huiva "mpaka ukubali". Lakini muulize kwa nini, atakujibu. Mpishi wa kweli ana sababu hata pale asipokuwa na vipimo, na waandishi wa mapishi ya siku hizi wana vipimo hadi vya robo kijiko na hawana sababu hata moja.

Sababu ni hii. Maziwa yana protini inayoitwa kasini, na uchachu ukizidi kiasi fulani zile chembe zake, ambazo kwa kawaida husukumana, huanza kushikana. Maziwa yanakatika. Maji ya gesi yenyewe yana uchachu kidogo, na tunda lina wake. Ndiyo maana stroberi na embe bivu havisumbui sana, ndiyo maana limau na pasheni ni kesi, na ukwaju, wenye asidi nyingi kuliko matunda mengi unayoyajua, ni kesi ya jinai. Bilauri ya kwanza niliyomchanganyia mama kwa ile krimu nyepesi ya kahawa, ambayo ni nusu maziwa nusu krimu, ilikatika mbele ya macho yetu wote wawili. Vipande vyeupe vikashuka taratibu kama theluji. Mama akaitazama, akasema, "Hii imekufa."

Kwanza nikajaribu magadi, chembe tu, kuvunja uchachu. Yakafoka, yakatulia, na hayakukatika tena. Lakini ukwaju nao ukawa umeondoka, ikabaki rangi ya udongo yenye utamu. Bila uchachu, msumari ukarudi. Kisha nikajaribu tui la nazi la kopo, nikijiona mjanja, maana ukwaju na tui si wageni, wanakutana kila siku kwenye mchuzi wa samaki. Kumbe mafuta ya nazi hukaa maji kwenye joto la Tanga tu. Hapa, juu ya barafu, yaliganda yakawa chenga za nta midomoni. Mama akataka kujua kama nimetia mshumaa.

Ila hilo la mchuzi ndilo lililomwamsha. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, blanketi mabegani, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akaanza kunifokea kama anavyofokewa mtu anayepika vibaya, siyo kama anavyoombwa radhi mtu anayeuguza. Tui linaingia ukwaju lini? Mwisho. Moto uko wapi? Umeshatoka. Ukwaju unakuwa mwembamba au mzito? Mzito, mchache. Na tui, la kwanza au la pili? La kwanza, zito. "Basi hiyo malai yako nayo, mbona unaleta ile ya maji maji?"

Malai. Sikuwa nimelisikia neno hilo miaka mingi. Mimi nilikuwa nasema krimu kama watu wa dukani. Na alikuwa na haki hata kwa vitabu vya kemia. Krimu nzito ina mafuta zaidi ya theluthi, na kadiri mafuta yanavyozidi ndivyo kasini inavyopungua, na kilicho kidogo hakina cha kukatika. Halafu krimu nzito ndiyo tuliyokuwa tunaihitaji tangu mwanzo: kijiko kimoja cha kula kina kalori zipatazo 50, zaidi ya mara mbili ya ile nyepesi.

Tulipofika ni hapa. Nachukua ukwaju wa pakiti, gramu 200; hapa naununua kwa Wameksiko, nao huuita tamarindo na wana juisi yao ya ukwaju ambayo mama ameikubali kwa shingo upande. Naloweka kwenye vikombe viwili vya maji ya moto nusu saa, naufikicha kwa mkono, nachuja. Chujio linaachiwa kazi, mtu asikamue mpaka nyuzi ziingie. Narudisha jikoni na sukari gramu 300 na punje nne za iliki zilizopondwa, moto mdogo, mpaka sharubati ishike mgongo wa mwiko. Inapoa kabisa, inalala kwenye friji. Hiyo ya kupoa siyo urembo. Joto huharakisha kukatika, na maji ya baridi hushika gesi vizuri kuliko ya uvuguvugu.

Krimu naipiga kwa uma kwenye bakuli la baridi, dakika mbili hivi, isifike kusimama. Iwe kama uji mwepesi. Ikishapata hewa, inaelea, na inagusana na ukwaju pale tu zinapokutana. Bilauri ni ndogo. Maji ya gesi ni kidogo, mililita 100, na nayaacha yapumue kwanza, kwa sababu mtaalamu wa lishe alitutahadharisha kwamba gesi hujaza tumbo la mgonjwa likakosa nafasi ya chakula. Vijiko vitatu vya sharubati chini, barafu mbili, maji, kisha malai vijiko vitatu juu, kwa mgongo wa kijiko. Hakuna kukoroga. Mrija tumeuacha, unaanzia chini, kwenye ukwaju mtupu. Anakunywa kwa mdomo wa bilauri, malai kwanza, uchachu ukija nyuma yake. Kwa hesabu yangu ni kalori karibu 250 ndani ya kitu anachokimaliza kwa dakika kumi.

Au hakimalizi. Zipo siku anakunywa nusu, na nusu iliyobaki inakatika polepole juu ya meza, nami naijua kwa rangi kabla sijaifikia.

Dada yangu alipiga simu Jumapili kutoka Tanga. Nikamsikia mama chumbani akimweleza habari ya soda: eti huku wana soda ya ukwaju yenye malai, kinywaji cha Wataliana. Dada, ambaye hajui kuamini kitu bila kukiona, akauliza ukwaju na maziwa vinakaaje pamoja bila kukatika. "Vinakaa," mama akasema. "Huyu nimemfundisha." Halafu akaanza kumpa mapishi, na hakuna kipimo hata kimoja alichokitaja, ila sababu alizitoa zote, moja baada ya nyingine, mpaka akachoka akamwomba dada asimulie yeye habari za nyumbani.

Wiki iliyopita mizani ilisema 47.6. Muuguzi aliandika bila kusema kitu. Mama akaomba avue sandali apimwe tena, asije akadhani amedanganywa na viatu. Ikawa 47.4. Tunarudi Alhamisi. Ukwaju umebaki nusu pakiti, na krimu ya kesho ipo.