Raketi moja ya mkali, au nne za wanaoanza?

Sisi ni vijana wa tenisi ya meza hapa Nakivale, Uganda. Leo tunaandika juu ya raketi. Mtu anaweza kuona ni kitu kidogo tu, kibao chenye mpira. Lakini kibao hicho kilitugawanya wiki tatu nzima, na tulichojifunza ndani ya ule ugomvi tunataka kiwafikie kabla hamjatoa pesa yenu.

Hali ilikuwa hivi. Tulikuwa na shilingi 300,000 za Uganda. Nyingi tulizipata kwa kufyatua matofali, zingine tulichangiwa. Raketi zetu zilikuwa sita na zote zimekwisha. Zingine hazikuwa na sponji, ni plaiwudi na mpira mgumu juu yake. Zingine raba ilikuwa imekuwa laini na ngumu kama soli ya kandambili ya zamani, mpira ukigusa unateleza tu.

Mashindano ya zoni yalikuwa yanakaribia. Nusu yetu tulitaka pesa yote inunue raketi moja ya bei, yenye kaboni, kwa ajili ya yaya wetu anayecheza kutushinda wote. Nusu ingine tulitaka raketi za wadogo, zaidi wasichana, waliokuwa wanapanga foleni saa nzima ili wacheze dakika tano na kitu kilichobanduka, kisha wanarudi nyumbani na kesho hawaji.

Yaya alisema wazi: "Nikipata raketi ya kweli, nitafika Mbarara." Dada mmoja wa miaka kumi na minne akamjibu: "Yaya, na sisi tutafika wapi?" Hapo kikao kikafungwa bila jibu.

Jibu lilikuja pole pole, tulipoacha kubishana juu ya watu tukaanza kuuliza raketi yenyewe inafanyaje kazi.

Raketi ni vitu viwili, si kimoja. Kuna ubao, na kuna raba inayobandikwa pande zote mbili. Sheria ya shirikisho la dunia inataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao iwe mbao ya asili. Kwa hiyo hata zile za kaboni ni mbao, zimewekewa tu nyuzi nyembamba za kaboni kati ya tabaka. Ubao wa kawaida una tabaka tano za mbao. Ule wa tabaka saba huwa mgumu zaidi na una nguvu zaidi. Wa kaboni mara nyingi unarusha mpira haraka kuliko hiyo yote.

Raba nayo ina sehemu mbili: ngozi ya juu na sponji chini yake. Sponji ikiwa nene, mpira unaingia ndani kisha unatoka na kasi. Ikiwa nyembamba, mkono unausikia mpira vizuri na unauongoza. Raba na sponji na gundi kwa pamoja haziruhusiwi kupita milimita 4. Upande mmoja lazima uwe mweusi. Upande wa pili uwe na rangi ya kung'aa, na wengi wanatumia nyekundu. Sababu ni kwamba mpinzani ana haki ya kuona ni upande gani umempiga nao.

Hiyo sheria ya unene ina historia yake. Mwaka 1952, kwenye mashindano ya dunia kule Bombay, Mjapani Hiroji Satoh alikuja na raketi ya sponji nene. Wenzake walizoea raba ngumu yenye vinundu, ambayo inatoa sauti kila mpira ukigongwa. Ya Satoh ilikuwa kimya, na mpira ulitoka namna wasiyoizoea. Akachukua taji. Lakini hakulichukua tena taji hilo la mchezaji mmoja mmoja. Sisi tunalisoma hivi: chombo kipya kinaweza kukupa ushindi leo, lakini wenzako wakishakizoea, kinachobaki ni mkono wako.

Sasa, nani ashike nini?

Anayeanza anahitaji raketi isiyo na haraka. Ubao wa mbao tupu, tabaka tano, raba laini isiyo na vinundu kwa nje, sponji ya milimita 1.5 hadi 1.8. Mkono wake bado haujajua kusimama. Ukimpa ya kaboni, kila kosa dogo linakuwa kosa kubwa: mpira unapita meza, anaufuata kwenye vumbi, anarudi, unapita tena. Baada ya siku mbili anaamini hana kipaji. Na ukimpa ile ya plaiwudi isiyo na sponji, haumsaidii vilevile, kwa sababu haishiki mpira, na hatajifunza kuuzungusha. Kwa mtu huyu, raketi iliyouzwa ikiwa tayari imebandikwa inatosha kabisa, mradi ina sponji ya kweli.

Wa kati ni yule anayeweza kurudisha mipira ishirini mfululizo kwa mkono wa mbele, na karibu hivyo kwa mkono wa nyuma, na ameanza kuuzungusha mpira kwa makusudi. Huyu anaweza kupanda hadi sponji ya 1.8 au 2.0. Ubao ule ule wa tabaka tano bado ni rafiki yake. Abadilishe raba kwanza, asikimbilie ubao.

Mkali anajua mchezo wake. Kama anashambulia, 2.0 na kuendelea, na ubao wa tabaka saba au wa kaboni unamfaa. Kama ni mtu wa kujilinda nyuma ya meza, anataka ubao wa pole na sponji nyembamba, na wengine wanaweka vinundu virefu upande mmoja. Vinundu virefu vinamrudishia mpinzani mzunguko wake mwenyewe, vinamchanganya. Lakini tafadhali, wadogo msivitamani. Unaweza kushinda wenzako mwezi wa kwanza, kisha ukajikuta hujui kutengeneza mzunguko wako.

Halafu kuna mwili wa mtu. Ibrahim Hamadtou wa Misri hana mikono. Alicheza Paralimpiki ya Rio mwaka 2016 akishika raketi kwa mdomo na kurusha mpira kwa mguu. Tunamtaja kwa sababu hapa kwetu kuna wanaocheza wamekaa kwenye kiti, na kuna watoto wenye viganja vidogo. Kwa mtoto, angalia mshikio kabla ya kitu kingine. Mshikio uliopanuka chini hautoki mkononi kirahisi. Ulionyooka unaruhusu kugeuza vidole. Na uzito pia: raketi nzito inachosha kiwiko cha mtoto kabla hajafurahia mchezo.

Tulipoelewa hayo, tukaichukua raketi ya zamani ya yaya, ile aliyoachiwa na rafiki yake siku alipopata safari ya Marekani. Tukabandua raba pole pole, kuanzia kwenye mshikio, tukifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao ili ubao usichanike. Chini yake tukakuta ubao mzima: tabaka tano, hakuna ufa, mshikio haujalegea. Tukaugonga kwa kidole, sauti moja kila mahali. Kilichokuwa kimekufa ni raba tu.

Ugomvi ulipungua hapo. Ubao mzuri ukitunzwa unakaa miaka mingi. Raba ndiyo inayokufa. Kwa hiyo yaya hakuhitaji raketi mpya ya shilingi 300,000. Alihitaji raba mbili.

Wawili wetu wakapanda taksi hadi Mbarara. Kwa bei za siku ile, matumizi yalikuwa hivi: raketi nne za wanaoanza, 45,000 kila moja, jumla 180,000. Raba mbili za 2.0 kwa ajili ya yaya, 30,000 kila moja, jumla 60,000. Mipira kumi na miwili, 24,000. Gundi 16,000. Nauli 20,000. Pesa ikaisha, na hakuna aliyerudi mikono mitupu.

Dukani tulipima hivi, na nyinyi mnaweza kufanya vilevile. Angalia raketi kwa ubavu: lazima uone ubao, kisha sponji, kisha ngozi ya raba. Usipoona sponji, rudisha. Bonyeza kingo zote kwa kidole gumba, kama kuna mahali panainuka, gundi ni mbaya. Sugua mpira juu ya raba: ukiteleza kama juu ya kioo, raba imekaa sana kwenye kabati au kwenye jua. Dundisha mpira sehemu mbalimbali za raketi na usikilize. Mahali penye sauti iliyokufa pana hewa ndani. Mwisho shika mshikio na utikise. Ukisikia kitu kinacheza, achana nayo, hata kama picha ya bingwa iko kwenye karatasi yake.

Juu ya gundi tunasema kwa mkazo. Wengine wanabandika raba kwa solusheni ya tairi za baiskeli. Inashika, ndiyo, lakini moshi wake si wa kuvutwa na watoto ndani ya chumba. Shirikisho la dunia lilikataza gundi zenye kemikali za namna hiyo mwaka 2008, kwa sababu ya afya ya wachezaji. Gundi ya mbao nayo inakauka ngumu, na siku ya kubandua itatoka na ngozi ya ubao wako. Tafuta ile ya maji iliyotengenezwa kwa raketi. Paka nyembamba kwenye ubao na kwenye sponji, ngoja ikauke, kisha bandika ukisukuma hewa nje.

Adui wetu hapa ni vumbi na jua. Kila tukimaliza tunafuta raba kwa kitambaa safi chenye maji kidogo, tunaiacha ikauke kivulini, tunaifunika na karatasi ya nailoni. Sabuni ya kufulia hapana. Kuacha raketi juu ya bati hapana. Kila raketi imeandikwa namba, na anayeichukua anaandikwa kwenye daftari.

Mashindano yalifika. Yaya alicheza na ubao wake wa zamani na raba mpya, akafika nusu fainali, akatolewa na kijana wa Juru. Mpaka leo anasema raketi ya kaboni ingemvusha. Hatubishani naye, inawezekana. Ila sasa yeye ndiye anayefundisha wadogo siku ya Jumamosi, na tumeandika kwenye daftari kwamba raba zake zikichoka, kikundi kitamtafutia zingine kabla ya kununua kitu kingine chochote. Foleni ya wasichana bado iko, lakini inatembea, na kesho yake wanarudi. Yule dada aliyeuliza watafika wapi ameshapita mipira ishirini mfululizo. Ameanza kuulizia raba ya 1.8.

Wapendwa wa mashirika, tunajua mnatupenda, na tunashukuru kwa kila kitu kinacholetwa. Ombi letu ni dogo. Mkiwa na pesa ya raketi, msinunue moja ya kupigia picha, wala thelathini za plaiwudi zisizo na sponji ili hesabu iwe kubwa kwenye ripoti. Njooni kwanza muulize: wanaoanza ni wangapi, wa kati ni wangapi, nani tayari ana ubao mzuri anaohitaji raba tu. Jibu tunalo, liko kwenye daftari.

Na nyinyi vijana wenzetu wa kambi zingine, kabla hamjagombana juu ya raketi mpya, bandueni ya zamani mtazame ubao. Huenda mnachotafuta dukani mnacho mkononi.