Ndege Haina Uraia Pacha

Brooklyn Park, Minnesota

Wapendwa wa Nyamarambe,

Habari zimenifikia kwamba huko sokoni mnasema kijana wetu mmoja amenunua ndege Marekani, na kwamba Desemba atatua nayo kwenye uwanja wa shule. Nusu ya habari hizo ni kweli. Amenunua. Ni muuguzi wa zamu za usiku kama wengi wetu Wagusii tuliojazana kwenye vitongoji hivi vya Minneapolis, na ndege yenyewe ni Cessna 172: injini moja, viti vinne, kuukuu kuliko mwenyewe. Nusu ya pili ya habari naomba muiache kabla hamjaanza kuchanga pesa za mahema.

Kwanza msidhani amekuwa tajiri. Uwanja wa ndege ndogo wa Crystal uko papa hapa, mpakani na Brooklyn Park, na wenye ndege pale ni walimu, mafundi bomba na wastaafu. Wengine wanamiliki robo tu, wakishirikiana na wenzao. Cessna 172 ilianza kuuzwa mwaka 1956, zimeshaundwa zaidi ya 44,000, na hakuna aina nyingine ya ndege duniani iliyofikia idadi hiyo. Ndiyo maana kuukuu zake hazikosekani, ingawa nazo siku hizi zinagharimu makumi ya maelfu ya dola.

Ununuzi wenyewe aliufanya kwa akili. Hakumwamini fundi wa muuzaji. Alimlipa fundi wake mwenyewe, naye akaikagua injini na kupekua vitabu vya kumbukumbu tangu ndege itoke kiwandani. Vitabu hivyo vikipotea, thamani ya ndege inaporomoka, maana hakuna ajuaye injini imekwisha kufanya kazi saa ngapi. Mtengenezaji hushauri ifumuliwe na kufanyiwa marekebisho makubwa baada ya saa 2,000 hivi. Kisha likaja suala la madeni. Rejesta ya ndege zote za Marekani iko Oklahoma City chini ya mamlaka ya anga, FAA, na humo ndimo unamotafuta kama kuna benki au gereji inayodai. Deni la ndege huifuata ndege hata ikipata mwenye mpya.

Usajili wenyewe ni karatasi chache: hati ya mauzo, fomu ya maombi, na ada ambayo kwa miaka mingi imekuwa dola 5 tu. Hati ya usajili hudumu miaka 7. Ugumu uko kwa mwombaji. Sheria inamtaka awe raia wa Marekani au mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu. Vijana wetu walio huku kwa viza ya masomo au ya kazi hawawezi kuandikisha ndege kwa majina yao. Hulazimika kumlipa mdhamini aishike kwa niaba yao. Na wakati unangoja hati, nakala ya ombi inakuruhusu kuruka ndani ya Marekani tu. Huvuki mpaka nayo.

Sasa kijana anataka kurudi nyumbani kabisa, na hapa ndipo watu wa sokoni wanapokosea. Sisi Katiba ya 2010 ilituruhusu kuwa na pasi mbili. Ndege haina bahati hiyo. Mkataba uliotiwa saini Chicago mwaka 1944, ambao Kenya ilijiunga nao baada ya uhuru, unasema ndege ina uraia wa nchi ilikosajiliwa, na haiwezi kusajiliwa nchi mbili kwa wakati mmoja. Ya Marekani huandikwa N ubavuni. Ya Kenya 5Y, ya Tanzania 5H, ya Uganda 5X. Kwa hiyo ni lazima Oklahoma City waifute kwanza na kuwajulisha wenzao wa Kenya, KCAA, ndipo Kenya iiandikishe. Katikati hapo ndege haina kwao, na isiyo na kwao hairuki. Herufi zinapakwa upya, kibao cha chuma kisichoungua kinabadilishwa, hata namba ya utambulisho ambayo chombo chake hutuma kwa rada inapangwa upya, kwa kuwa kila nchi ina fungu lake la namba. Halafu KCAA wanataka cheti cha ustahiki wa kuruka, ambacho hakitolewi kwa kuwa tu Wamarekani walitoa chao. Na rubani mwenyewe ana leseni ya kubadilisha, na mtihani wa sheria za anga za Kenya.

Hayo ni ya karatasi. Kuifikisha huko ni mengine. Kutoka hapa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 13,000, na 172 huenda kama kilomita 1,100 kabla ya kumaliza mafuta. Marubani wanaosafirisha ndege ndogo hupitia Goose Bay huko Kanada, kisha Narsarsuaq katika Greenland, kisha Iceland na Uskoti. Hatua ya kwanza ya majini pekee ni takriban kilomita 1,250, kwa hiyo wanang'oa viti vya nyuma na kufunga tangi la ziada. Injini moja, na chini ni maji ya barafu! Mimi sipandi. Ukifika Misri, anga ya Sudan imevurugwa na vita vilivyoanza Aprili 2023, na petroli ya ndege za pistoni huipati kila kiwanja barani.

Wenye busara hung'oa mabawa, wakaitia ndani ya kontena la futi 40 hadi Mombasa, ikaunganishwa tena kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na wahandisi wenye leseni. Lakini bandarini kuna forodha. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa anayerudi nyumbani msamaha wa gari moja, kama ameishi nje miaka 2 na gari amelimiliki miezi 12. Ndege haimo. Na akishalipa yote, atakuta hewa ya kwetu ni nyepesi: Crystal uko mita 265 hivi juu ya usawa wa bahari, Wilson karibu 1,690. Injini iliyopaa kwa wepesi hapa itapaa kwa taabu huko, hasa ikiwa na watu wanne.

Nimemwambia, na yeyote anayepanga hivyo nampa shauri lilelile: auze ndege hukuhuku, bado ni ya N na wanunuzi wapo, arudi na dola zake. Akifika, atafute pale Wilson ndege ya Cessna ambayo tayari ina 5Y, na mhandisi aliyemchagua mwenyewe aikague kabla shilingi haijatoka mfukoni.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Minnesota