Lugha Moja kwa Alama Sita

Yamkini baadhi ya wasomaji wetu watastaajabu kusikia kwamba walimu, watu wazima wenye madaftari ya kusahihisha, hukutana Jumamosi alasiri wakaizunguka meza yenye karatasi na dadu, kila mmoja akajifanya mtu mwingine. Ndivyo tufanyavyo sisi hapa Bujumbura. Mchezo huu wa kuigiza mezani asili yake ni Marekani; wa kwanza kuuzwa, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka mwaka 1974. Mmoja huwa msimulizi na mwamuzi. Waliobaki humbuni kila mtu mhusika wake, na hadithi husonga mbele kwa mazungumzo na kwa kurusha dadu.

Hapo mwanzo sifa za mhusika zilitolewa na bahati. Ulirusha dadu tatu kwa kila sifa, na aliyepata 17 ya nguvu aliketi bega kwa bega na aliyepata 6, wala rufani hapakuwa. Baadaye wakaja waliotaka haki. Katika Champions, mchezo wa mwaka 1981, na katika GURPS wa Steve Jackson uliotoka mwaka 1986, wachezaji wote hugawiwa fungu moja la alama, wakaenda nalo kama waendao sokoni: nguvu kiasi hiki, akili kiasi kile. Akubaliye dosari hurudishiwa alama kidogo.

Fungu ni sawa kwa wote. Ugomvi umo katika bei. Tuchukue Champions wa miaka ile. Kuongeza nguvu kwa 5 kulikuwa alama 5. Lakini nguvu hizo ziliandamana na vingine visivyolipiwa: kinga ya mwili ya alama 1, uwezo wa kurudisha pumzi wa alama 2, na ustahimilivu wa mapigo wa alama 2.5. Jumla 5.5, na nguvu zenyewe bado unazo! Ni sawa na kununua kuku kwa shilingi tano ukamkuta na mayai ya shilingi tano na nusu. Nani asingenunua? Kamba hiyo haikukatwa mpaka toleo la sita, mwaka 2009. GURPS nao ulikuwa na yake: wepesi na akili, ambazo hubeba karibu stadi zote, ziliuzwa bei ile ile ya nguvu na afya, hadi toleo la nne la mwaka 2004 lilipotoza 20 kwa kila daraja la zile mbili za kwanza na 10 kwa hizi nyingine.

Hesabu hizo tulizipita upesi. Palipotukwamisha ni kwenye lugha. Toleo hilo la nne humpa kila mhusika lugha moja ya kuzaliwa bila malipo. Kila lugha ya ziada, ukiijua kama mwenyewe kwa kusema na kuandika, ni alama 6: tatu za ulimi, tatu za kalamu. Basi tukajaribu kumchora mtu wa kwetu. Nyumbani husema Kirundi. Akitoka nje, kule Buyenzi, ni Kiswahili. Shuleni Kifaransa. Mtu huyu hajafanya ushujaa wowote, na tayari anadaiwa 12, zaidi ya daraja zima la nguvu. Jirani yake wa kubuni, aliyekulia mahali pa lugha moja, hadaiwi kitu. Mwenzetu mmoja alikasirika kwelikweli. Alisema amefundisha Kiswahili maisha yake yote kwa watoto wanaodhani ni lugha ya sokoni tu, na sasa kitabu kinamtoza faini kwa kukijua.

Walikuwapo waliotetea kitabu, na hoja yao si ya kudharauliwa. Bei, walisema, haipimi jasho la kujifunza wala heshima ya kitu. Hupima kitu hicho kitamfaa mchezaji mara ngapi mezani. Twakubali. Lakini hoja hiyo hiyo ndiyo iliyotupa njia. Ikiwa hadithi inatendeka Bujumbura na wahusika wote wanazo lugha zile tatu, hakuna anayemzidi mwenziwe kwa hizo, na kisichomwinua mtu juu ya mwenziwe hakina sababu ya kulipiwa. Hali kadhalika, lugha nne zilizonunuliwa kwa 24 ni mali iliyozikwa endapo msimulizi atawapeleka watu jangwani kusiko na wa kusema naye. Kwa hiyo siku hizi msimulizi hulazimika kutwambia kwanza safari ni ya wapi, ndipo tununue. Wapo wanaonung'unika kwamba hilo laiharibu siri ya hadithi. Laiharibu kweli, ila si sana.

Zile 12 tulizifuta kwa wahusika wote. Akabaki mmoja wetu aliyembuni mpiga picha Mmarekani, ajuaye Kiingereza peke yake. Baada ya mabishano ya saa nzima, tulimhesabia hiyo kuwa dosari, naye akarudishiwa alama 10. Alizitia zote katika afya, akisema kwamba asiyeweza kuuliza njia hana budi awe na miguu ya kutembea.